Vifurushi vya linki wanavyouziwa wenye biashara Kisumu na Nakuru: kilichomo ndani, na kama kinafaa pesa yako

Ukifungua tovuti ya hoteli mtaa wa Milimani pale Kisumu, ya zahanati Nakuru au ya duka la pembejeo Kakamega, hazipiti siku nyingi kabla ujumbe haujaingia kwenye simu: linki 500 kwa bei hii, linki 1,000 kwa bei nafuu zaidi, ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya siku 30, lipa nusu sasa kwa M-Pesa. Bidhaa tunayoitathmini ni hiyo: kifurushi cha linki za kutoka tovuti nyingine kuja kwako, kinachouzwa kwa idadi. Hatumtaji muuzaji yeyote kwa sababu vifurushi hivi vimefanana mno. Mara nyingi anayekuuzia hapa mjini hafanyi kazi yenyewe. Anaiagiza kutoka soko la vibarua wa mtandaoni, anaongeza faida yake, kisha anakuletea ripoti yenye nembo yake.

Alama yetu ni nyota moja kati ya tano. Hiyo moja ni kwa ajili ya vitu viwili vitatu vyenye manufaa vinavyojikuta humo ndani, na vyote unaweza kuvifanya mwenyewe asubuhi moja bila kulipa.

Anza na hesabu. Linki 1,000 kwa shilingi 10,000 ni shilingi 10 kwa kila linki, na humo muuzaji ameshatoa faida yake. Kwa shilingi 10 hakuna mhariri aliyesoma ukurasa wako wala mwandishi aliyekaa kuandika makala inayokutaja. Kilichofanya kazi ni programu. Na linki yoyote ambayo programu inaweza kuiweka bila mwenye tovuti kukubali, Google imekuwa na muda wa kutosha kujifunza kuitambua.

Linki zenyewe zina thamani, tena kubwa. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mfumo wa PageRank: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi, hasa zile ambazo zenyewe hutajwa sana, huenda ni muhimu. Ukiuliza sokoni Kibuye ni nani mwenye samaki wabichi, neno la mama mmoja anayeheshimiwa na wenzake lina uzito kuliko la vijana hamsini waliolipwa kutaja jina moja. Mfumo umebadilika sana tangu wakati huo na linki sasa ni ishara moja kati ya nyingi, ila mantiki imebaki. Soko la kununua linki likazaliwa hapo hapo. Google ikajibu kwa Penguin, sasisho la mfumo wake lililolenga linki za udanganyifu, Aprili 2012, na tovuti nyingi zikaporomoka. Septemba 2016 Penguin iliingizwa ndani ya mfumo mkuu, ikawa inafanya kazi muda wote, na badala ya kuishusha tovuti nzima ikawa inazipuuza linki mbovu. Desemba 2022 Google ikaanza kutumia SpamBrain, mfumo wake wa akili mnemba, kuzinasa tovuti zinazonunua linki na zile zilizotengenezwa kwa kazi ya kuziuza.

Mteja aielewe vizuri hatua hiyo ya 2016, kwa sababu ndiyo inayomlinda muuzaji asigundulike. Aliyenunua kifurushi leo mara nyingi hapati adhabu. Hapati chochote. Linki zinahesabiwa sifuri, tovuti inabaki pale ilipokuwa, na muuzaji anasema subiri kidogo au ongeza kifurushi cha pili.

Kilichomo ndani

Sehemu kubwa huwa ni linki za wasifu. Programu inafungua akaunti kwenye mamia ya majukwaa, inaandika jina la biashara yako na kubandika anwani ya tovuti kwenye nafasi ya maelezo binafsi. Tovuti nyingi za aina hii huweka rel="nofollow" au rel="ugc" kwenye linki hizo. Alama ya nofollow imekuwepo tangu 2005, na ugc na sponsored ziliongezwa Septemba 2019. Zinaiambia Google kwamba mwenye tovuti hamthibitishi anayeunganishwa. Google sasa huzichukua kama dokezo tu, lakini kujenga biashara juu ya dokezo ni kamari. Mbaya zaidi, kurasa hizo za wasifu hazina linki yoyote inayoelekea kwao ndani ya tovuti yenyewe, kwa hiyo roboti ya Google huenda isizifikie kabisa.

Zinafuata maoni kwenye blogu za watu. Unakuta blogu ya mapishi ya Brazili, chini yake kuna maoni yasemayo "makala nzuri sana", na jina la aliyeandika ni "hoteli bora Kisumu". Hizo mwenye blogu huzifuta akiamka, au blogu ilishaachwa zamani na ina maoni elfu tatu ya namna hiyo hiyo.

Halafu kuna blogu za bure. Makala moja inaandikwa, programu inaibadilisha maneno mara mia, na kila toleo linapandishwa kwenye Blogger, WordPress.com, Tumblr na kwingineko. Kila blogu ina makala moja na haina msomaji. Kuwa ndani ya jukwaa kubwa hakuipi blogu hiyo heshima ya jukwaa. Muuzaji ataandika kwenye ripoti kwamba umepata linki kutoka tovuti yenye alama 90 na zaidi, akimaanisha jukwaa zima, ilhali linki imetoka kwenye kona yake iliyofunguliwa jana.

Linki za ".edu" na za Wikipedia huuzwa kwa bei ya juu kuliko hizo zote, na ndizo zinazosikitisha zaidi. Wikipedia ya Kiingereza imeweka nofollow kwenye linki zote za nje tangu 2007. Hizo za vyuo vikuu mara nyingi ni akaunti za wanafunzi au kurasa za majaribio zilizosahaulika kwenye seva za chuo cha Marekani au Asia, na Google imesema waziwazi kwamba herufi za mwisho za domeni (jina la tovuti, kama mfano.com) hazina uzito wa pekee. Ukurasa wa kweli wa chuo una nguvu kwa sababu watu wengi wanautaja. Ukurasa uliofichwa kwenye seva ya chuo hicho hicho hauna.

Vifurushi ghali hudai kuwa na "makala za wageni", yaani makala yenye linki yako inayochapishwa kwenye tovuti ya mtu mwingine. Kagua tovuti hizo ukurasa wa mwanzo tu. Ukikuta makala ya bahati nasibu, ya mikopo ya haraka, ya dawa za kupunguza uzito na ya vigae vya paa kwenye orodha moja, hiyo ni tovuti ya kuuza nafasi. Zipo pia zinazojengwa juu ya domeni ya zamani iliyoachwa ikanunuliwa upya: jina linasomeka kama la shule au kanisa, ndani kuna makala za kila kitu. Tangu Machi 2024 sera za Google zinataja matumizi hayo ya domeni zilizokwisha muda kama kosa linalojitegemea.

Kitu chenye manufaa humo ni orodha chache za biashara: ramani za Bing na Apple, ukurasa wa Facebook, na saraka moja au mbili za Kenya ambazo watu huzifungua kweli. Zinasaidia jina, simu na mahali pa biashara kuonekana sawasawa kila mahali. Jiandikishe mwenyewe, kwa barua pepe ya biashara, la sivyo siku namba ya simu ikibadilika hutaweza kuingia kuisahihisha.

Zile alama za DA na DR

Ripoti ya kifurushi hupambwa na safu ya namba: DA 72, DR 65. DA ni kipimo cha kampuni ya Moz, DR ni cha Ahrefs, vyote kati ya 0 na 100. Google haivitumii. Kipimo cha Google chenyewe kilichokuwa kikionyeshwa hadharani kiliondolewa mwaka 2016, na tangu hapo hakuna mtu wa nje anayekiona. DA na DR zinafaa kwa kulinganisha tovuti mbili kwa haraka, lakini zinaweza kupandishwa kwa linki zile zile za bei rahisi, na wauza nafasi wanajua hivyo. Jaribio bora halihitaji kulipia chombo chochote: chukua vichwa vitatu vya makala za tovuti hiyo, kila kimoja ukiweke ndani ya alama za nukuu, utafute kwenye Google. Tovuti isiyojitokeza hata kwa kichwa chake yenyewe haina cha kukugawia.

Kuikagua ripoti mwenyewe

Dai ripoti kwa umbo la jedwali, usikubali picha za skrini. Iweke kwenye Google Sheets. Jambo la kwanza ni kuhesabu domeni, maana linki 1,000 kutoka domeni 40 ni jambo dogo kuliko linavyosikika. Tengeneza safu yenye jina la domeni pekee, kisha fomula ya UNIQUE ikutolee zisizojirudia.

Baada ya hapo chukua sampuli. Kwa ripoti ya mistari 1,000, kila mstari wa hamsini unakupa kurasa 20, na hizo zinatosha. Fungua kila ukurasa, bonyeza Ctrl+U uone msimbo wake, kisha Ctrl+F utafute domeni yako. Ukiwa na simu ya Android tu, andika view-source: mbele ya anwani katika Chrome. Unatafuta mambo haya: kwamba linki ipo kweli; kwamba imeandikwa kwa tagi ya kawaida, <a href="...">, kwa sababu kitufe kinachofanya kazi kwa JavaScript pekee Google haina hakika ya kukifuata, kwamba haina nofollow, ugc wala sponsored, na kwamba juu ya ukurasa hakuna meta robots yenye neno noindex. Hili la noindex huwaponyoka wengi. Linki inaonekana, inabofyeka, lakini ukurasa mzima umezuiwa usiingie kwenye injini ya utafutaji.

Kisha andika kwenye Google site: na anwani kamili ya ukurasa huo, bila nafasi katikati. Usipopata kitu, yamkini ukurasa haujaorodheshwa, na linki iliyo kwenye ukurasa usioorodheshwa haikusaidii. Hapa ndipo vifurushi vingi huangukia. Muuzaji anaweza kukuambia alituma "linki za daraja la pili" kusukuma kurasa hizo ziorodheshwe, yaani linki mbovu zinazoelekea kwenye linki mbovu. Usimlipie hilo.

Mwisho, ibofye linki yenyewe. Inafika wapi? Mara nyingi imeandikwa http bila s, au na www ambayo tovuti yako haitumii, au kwenye ukurasa ulioufuta. Ikielekezwa upya mara moja si tatizo. Ikiishia kwenye kosa la 404, yaani ukurasa haupo, imepotea.

Rudia sampuli hiyo hiyo baada ya siku 30 na baada ya siku 90. Linki nyingi za vifurushi huwa zimefutwa kufikia hapo, na nyingine zilikuwa za kukodi tangu mwanzo, zinaondolewa malipo yakikoma.

Chombo cha lazima ni Google Search Console, nacho ni bure. Ukithibitisha umiliki kwa rekodi ya TXT kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni yako, unaiona domeni nzima. Ripoti yake ya linki inaonyesha tovuti zinazokuunganisha, kurasa zako zinazolengwa zaidi, na maneno yanayobofywa. Isome kwa tahadhari: ni sampuli, na inajumuisha pia linki zenye nofollow, kwa hiyo linki kuonekana humo hakuthibitishi kwamba inahesabiwa. Ongeza Ahrefs Webmaster Tools na Bing Webmaster Tools, zote zina sehemu ya linki kwa tovuti uliyothibitisha bila malipo. Na hakikisha jambo moja kabla ya mengine: akaunti ya Search Console iwe yako wewe mwenye biashara, wewe ukiwa mmiliki, na fundi awe mtumiaji uliyemwongeza. Fundi akiwa ndiye mmiliki pekee, siku mkikosana utakuwa huoni takwimu za tovuti yako mwenyewe.

Panapoweza kuumiza

Tumesema mara nyingi linki hizi hupuuzwa. Zipo hali zinazovuka mpaka huo, na inayoongoza ni maneno yanayobofywa. Watu wakikuunganisha kwa hiari yao huandika jina la biashara, anwani tupu, au maneno ya kawaida kama "soma zaidi". Kifurushi hukupa linki 300 zote zikisema "hoteli bora nafuu Nakuru", zimeingia ndani ya juma moja, kutoka tovuti za lugha usizozijua. Hakuna biashara ya kweli inayopata linki kwa mpangilio huo.

Mkaguzi wa Google akiamua kuchukua hatua, taarifa itaonekana kwenye Search Console, sehemu ya hatua za mikono, ikisema kuna linki zisizo za asili zinazoelekea kwako. Kama hakuna taarifa hapo, hujaadhibiwa na mtu, hata muuzaji wa "huduma ya kuondoa sumu" akikuambia vinginevyo. Huo nao ni utapeli unaoenda sambamba na wa kwanza: mtu anachukua ripoti yenye alama nyekundu za "linki zenye sumu" na kudai pesa azisafishe. Kila tovuti iliyo hai hupata takataka kiasi fulani bila kuziomba. Google huzipuuza, nawe zipuuze.

Ukiwa na taarifa ya kweli ya hatua ya mikono, kazi ni hii. Kusanya orodha ya linki zote ulizonunua, kutoka ripoti za wauzaji na kutoka Search Console. Omba zinazoweza kuondolewa ziondolewe, na hifadhi barua pepe ulizotuma. Zilizobaki ziweke kwenye faili ya kukana linki, inayoiambia Google isizihesabu: faili ya maandishi tupu, .txt, kwa usimbaji wa UTF-8, kila mstari ukiwa na domeni moja kwa muundo wa domain:mfano.com, na maelezo yako yakianza na alama ya #. Kikomo ni mistari 100,000 na ukubwa wa MB 2. Chombo cha kuipokea hakikubali "mali" (tovuti uliyoisajili Search Console) iliyothibitishwa kama domeni nzima, kwa hiyo ongeza pia anwani yako ya https kama mali ya kujitegemea. Kumbuka kwamba faili mpya hufuta ya zamani yote, kwa hiyo usipakie nyongeza peke yake. Kisha tuma ombi la kuangaliwa upya, ueleze bila kuficha ulinunua nini na umeondoa nini. Jibu linaweza kuchukua siku kadhaa au majuma.

Asiye na taarifa hiyo asikiguse chombo cha kukana. Ni rahisi mno kukana kwa bahati mbaya tovuti ya chuo au gazeti ambayo ndiyo iliyokuwa ikikubeba.

Pesa hiyo hiyo ingenunua nini

Usinunue linki, nunua saa za kazi za mtu anayejua anachotafuta. Kwa biashara ya Kisumu, Nakuru au Kakamega, linki mbili hadi nne za kweli kwa mwezi ni kazi nzuri, na mtu akiahidi zaidi ya hapo muulize atazitoa wapi.

Kazi ya kwanza iwe kuokoa zilizopotea, kwa sababu huko ndiko faida ya haraka iliko. Biashara nyingi zimebadilisha tovuti, zikahama kutoka .com kwenda .co.ke, na kurasa za zamani zikaachwa zife. Linki za miaka mingi zinaelekea kwenye 404. Fundi atoe kutoka Ahrefs au Bing orodha ya kurasa zako zilizokufa ambazo bado zinaunganishwa, kisha kila moja aielekeze kwa 301 (maelekezo ya kudumu) kwenye ukurasa mpya unaolingana nao. Kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo hakusaidii, Google huuona kama kosa la 404 lililofichwa. Domeni ya zamani iendelee kulipiwa na maelekezo yabaki angalau mwaka mmoja, ikiwezekana zaidi. Ukiiachia, mtu ataiokota na kuijaza kamari ikiwa bado ina jina lako.

Kazi ya pili ni kutafuta mahali unapotajwa bila kuunganishwa. Kwenye Google andika jina la biashara ndani ya alama za nukuu, halafu -site: na domeni yako ili kurasa zako mwenyewe zisijitokeze. Kwa kila ukurasa utakaoukuta, andika barua pepe fupi kwa mhariri au mwenye tovuti: asante kwa kututaja, ukurasa huu hapa, sentensi hii hapa, anwani sahihi ndiyo hii ili wasomaji wako watupate. Usitume barua moja kwa watu 200.

Kazi ya tatu ni kuhesabu uhusiano ulionao tayari, na hapa mkoa huu ni tajiri kuliko wauzaji wa vifurushi wanavyojua. Maseno, Chuo cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, Masinde Muliro mjini Kakamega, Egerton kule Njoro na Kabarak hufanya makongamano, na kurasa za makongamano huhitaji orodha ya mahali pa kulala. Hoteli impelekee mwandaaji bei ya kikundi, umbali hadi ukumbini kwa dakika na namba ya mapokezi, mapema kabla ukurasa haujachapishwa. Hata ratiba ikitoka kama PDF ni sawa, Google imeeleza kwamba linki zilizo ndani ya PDF huchukuliwa kwa jumla kama zile za ukurasa wa kawaida. Duka la vifaa vya ujenzi liwaombe watengenezaji wa rangi, mabati na paneli za sola waliweke kwenye orodha yao ya wauzaji. Zahanati iangalie kama kampuni za bima inazofanya nazo kazi zimeandika anwani yake ya tovuti au simu tu. Mwanachama wa tawi la kaunti la Chama cha Wafanyabiashara na Viwanda aulize kama wanachama huorodheshwa mtandaoni.

Ukifadhili timu ya mpira au mbio za shule ukawekewa linki, sera ya Google inataka iwe na rel="sponsored" au nofollow. Fadhili hata hivyo kama wateja wako wako hapo, ila usiihesabu kama linki ya kukupandisha. Kubadilishana linki na mwendesha watalii mnayefanya kazi naye ni jambo la kawaida. Kubadilishana na watu 80 msiojuana ni mpango, na sera zinauita hivyo.

Kazi ya nne ni ngumu na ndiyo inayodumu: kuwa na ukurasa ambao mtu mwingine ana sababu ya kuutaja. Nyumba ya wageni ya Nakuru iandike ukurasa mmoja kamili kuhusu malango ya hifadhi ya Ziwa Nakuru, lango kuu, Lanet na Nderit: lipi liko karibu na stendi ipi, barabara ikoje wakati wa mvua, gari dogo linapita au halipiti. Duka la vifaa Kisumu liweke kikokotoo cha bloku. Bloku ya uso wa sentimita 40 kwa 20 pamoja na maungio huenda 12.5 kwa kila mita ya mraba ya ukuta, ongeza kidogo za kuvunjika. Duka la pembejeo liweke kalenda ya upanzi kwa kaunti inakouza, likitenganisha mvua ndefu na mvua fupi. Kurasa kama hizi huunganishwa na wanablogu, walimu, wanafunzi na magazeti bila kulipwa, mradi zisahihishwe kila mambo yanapobadilika.

Mkataba

Ukimwajiri mtu, mkataba uandike kwamba utaona majina ya tovuti anazozilenga kabla ya kuzifikia na una haki ya kukataa. Maneno yanayobofywa yawe jina la biashara au anwani, labda mwandishi wa tovuti hiyo achague mwenyewe. Ripoti iwe na anwani ya ukurasa, tarehe, hali ya rel na kama umeorodheshwa. Gawa malipo mara tatu: kuanza, mwisho wa mwezi, na ya mwisho baada ya ukaguzi wa siku 90. Neno "nafasi ya kwanza" lisiwemo. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuihakikisha, na imewahi kueleza kwamba kazi hii kwa kawaida huhitaji miezi minne hadi mwaka kabla faida kuonekana.

Kuna wasiohitaji huduma hii kabisa kwa sasa. Kinyozi wa Kondele au fundi simu wa mjini Nakuru hutafutwa na mtu aliye karibu, na matokeo anayoyaona mtafutaji huyo ni ya ramani. Hapo Google hupima ulinganifu, umbali na umaarufu, na linki zimo ndani ya umaarufu kwa sehemu tu. Kabla ya shilingi yoyote kwenda kwenye linki, mtu huyo ajaze Wasifu wa Biashara wa Google: aina sahihi ya kazi, saa za kufungua zikiwemo za sikukuu, picha za mlango wa duka zilizopigwa kutoka barabarani, na majibu kwa kila maoni ya mteja. Kuuthibitisha wasifu siku hizi mara nyingi huhitaji video fupi inayoonyesha barabara, bango na vifaa vya kazi katika mpigo mmoja, kwa hiyo bango liwe limeshatundikwa siku ya kuirekodi.